Mteja wa Uingereza anataka "taratibu za kuzuia hongo". Wakala wa forodha mwenye watu 34 aanzie wapi?

kilindini34

Salaam wadau. Swali linahusu kampuni ya uwakala wa forodha na uchukuzi, makao Mombasa. Wafanyakazi ni 34: watano wako bandari kavu ya Nairobi, wawili Malaba, mpakani na Uganda. Mteja anayeleta mitambo, kampuni mama yake ikiwa Uingereza, ametuma dodoso la kurasa 11. Anataka kuona sera ya kuzuia hongo, tathmini ya hatari, rejista ya zawadi, ushahidi wa mafunzo, njia ya kutoa taarifa kwa siri na orodha ya mawakala wadogo tunaowatumia. Mkataba mpya una kifungu kinachompa haki ya kukagua vitabu vyetu. Tumepewa siku 45.

Tulichonacho ni ukurasa mmoja ukutani unaosema "Hatutoi wala hatupokei hongo". Kwenye hati za malipo, upande mwingine, kuna mistari ya "facilitation", "lunch" na "mengineyo" isiyo na risiti.

Maswali:
1. Sheria ipi hasa inatubana, ya Kenya au ya Uingereza?
2. Malipo madogo ya kaunta na geti tuyafanye nini?
3. Je, lazima tupate cheti cha ISO 37001, kile kiwango cha kimataifa cha mifumo ya kuzuia hongo?
4. Kuna anayesema Marekani wamesimamisha sheria yao ya hongo, kwa hiyo upepo umegeuka na tusijichoshe. Kweli?

---

wakili_tudor

La kwanza: zote mbili, ila kwa milango tofauti.

Ya Kenya ni Sheria ya Hongo, Na. 47 ya 2016, iliyoanza kutumika 13 Januari 2017. Kifungu cha 9 kinalazimisha taasisi ya umma na ya binafsi kuweka taratibu za kuzuia hongo zinazolingana na ukubwa wake na aina ya kazi yake. Watu 34 hawatarajiwi kuwa na idara nzima ya maadili, lakini karatasi ya ukutani nayo si utaratibu. Kifungu cha 10 kinaigusa kampuni pale mtu anayefanya kazi kwa niaba yake anapohonga ili kampuni ipate au ibakize biashara au faida fulani. Mtu huyo si lazima awe mwajiriwa. Dereva wa kukodi na wakala mdogo wa Malaba wamo. Kwa mtu binafsi adhabu ni kifungo kisichozidi miaka 10 au faini isiyozidi shilingi milioni 5, au vyote viwili. Na kama faida iliyopatikana inahesabika, inaongezwa faini ya mara tano ya faida hiyo.

Kinachosahaulika ni kifungu cha 14. Mwenye mamlaka katika taasisi, iwe ya binafsi au ya umma, akijua au akishuku hongo, ana saa 24 za kuripoti kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC. Meneja wa tawi yumo.

Ya Uingereza ni ya 2010, ilianza 1 Julai 2011. Kifungu chake cha 7 kinaitia kampuni hatiani kwa kushindwa kuzuia hongo inayotolewa na mtu anayefanya kazi kwa niaba yake, mahali popote duniani. Kwa mteja wenu, mtu huyo ni ninyi. Utetezi wake ni mmoja: athibitishe alikuwa na taratibu za kutosha. Dodoso mlilopewa ndilo sehemu ya ushahidi huo anaojiwekea. Yeye ndiye anayewaogopa ninyi, na mkilisoma dodoso kwa jicho hilo, maswali yote ya kurasa zake 11 yataeleweka upesi.

Sheria zote mbili hazina msamaha kwa malipo madogo ya kuharakisha huduma. Msamaha wa namna hiyo uko katika sheria ya Marekani, na hata huko ni mwembamba.

Kabla hamjajibu chochote: kama jibu ni "hatuna", andikeni "hatuna, itaanza tarehe fulani, anayehusika ni fulani". Haki ya ukaguzi iko mkatabani. Pengo lililokiriwa hujadiliwa mezani. Jibu la uongo huvunja mkataba. Na msiandike sera leo mkaipa tarehe ya 2023. Faili la kompyuta lina tarehe yake ya kuzaliwa, na mkaguzi huiangalia hiyo kwanza.

---

bi_hesabu

Wakili kamaliza ya sheria. Mimi nitasema mahali hongo inapokaa: kwenye masurufu, na kwenye ankara mnayompelekea mteja. Sera iandikwe baada ya kuyajua hayo mawili, si kabla.

Toeni daftari lote la matumizi la miezi 12 liwe jedwali moja. Safu zinazotosha: tarehe, namba ya faili la mzigo, aliyechukua fedha, kituo, kiasi, maelezo, hati iliyoambatanishwa. Kisha chujeni malipo yote yasiyo na hati iliyotoka kwa mtu wa nje. Hapo mtaanza kuona sura:

- Kiasi kilekile kinajirudia (2,000, 3,000, 5,000) bila kujali ukubwa wa mzigo. Ada halali hufuata uzito, thamani au idadi ya siku. Haiwi namba ya mviringo kila mara.
- Malipo yanarundikana Ijumaa alasiri na mwisho wa mwezi.
- Fedha zinakwenda M-Pesa kwa namba ya mtu binafsi isiyo kwenye orodha ya watoa huduma.
- Meneja anaidhinisha kuanzia 10,000, na kuna 9,500 mbili siku moja, faili moja.

Gawanyeni matokeo mafungu matatu. Kuna ada rasmi ambayo risiti ilipotea: hiyo itafutwe upya kwenye mfumo. Kuna huduma halali isiyo na risiti, kama boda, wapakuzi, au kibarua wa kufunga turubai. Na kuna isiyoelezeka. Fungu la tatu ndilo tathmini yenu ya hatari. Nusu ya kazi imekwisha hapo, maana mnajua ni kituo gani, mzigo wa aina gani na siku gani.

Sasa masurufu. Kiwango cha juu kwa mtu mmoja kiwekwe, tuseme 5,000. Marejesho ndani ya saa 48. Hapati mengine kabla ya kufunga ya kwanza, hata kama bosi amepiga simu. Maneno "facilitation", "mengineyo", "lunch" na "PR" yafutwe kwenye programu ya hesabu, yasiwepo hata ya kuchagua. Anayelipa aeleze amelipa nini, kwa nani, kwa faili gani.

Ada za serikali zisipite mkononi mwa mfanyakazi kabisa. Huduma nyingi sasa hulipiwa eCitizen, lango la serikali la mtandaoni, kwa paybill 222222, na kodi za forodha hulipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo. Mhasibu alipe kutoka akaunti ya kampuni, kijana wa fildi atumiwe uthibitisho tu. Ukimwondolea fedha taslimu, umemwondolea pia sababu ya kuombwa. Afisa mzoefu anajua nani ana noti mfukoni na nani hana.

Boda na wapakuzi: fomu ndogo yenye jina, namba ya simu, kazi na faili, walipwe M-Pesa kutoka laini ya kampuni. Tangu 1 Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS (mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato, KRA), ukiacha zile zilizosamehewa kama mishahara, haikubaliki kupunguza kodi ya mapato. Kwa muuzaji mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 5 kwa mwaka, mnunuzi anaweza kumtolea ankara hiyo mwenyewe. Wanaodhani "chai" ni ya bei nafuu wapige hesabu: milioni 1 ya malipo yasiyo na hati, kwa kodi ya kampuni ya asilimia 30, inavuta 300,000 nyingine za kodi. Hapo bado riba.

Ankara kwa mteja ndiyo hatari kubwa kuliko zote. Mkilipa 3,000 isiyo na risiti halafu mkamwandikia "gharama za bandarini 3,000", mteja ndiye aliyelipa hongo, na vitabu vyake vimeandika uongo bila yeye kujua. Panalpina, kampuni ya uchukuzi ya Uswisi, ilianguka hivyo. Novemba 2010 yeye na wateja wake kadhaa wa sekta ya mafuta walikubali kulipa serikali ya Marekani zaidi ya dola milioni 236 kwa pamoja, sehemu kubwa ya kesi ikihusu malipo kwa maafisa wa forodha, Nigeria ikiwemo. Kwenye ankara yaliandikwa kwa majina ya kistaarabu kabisa, kama gharama za "uchakataji wa ndani". Wateja nao walitozwa, kwa sababu ankara zile walizilipa.

Kwa hiyo kila mstari wa malipo mliyomlipia mteja uambatane na risiti yenye jina la taasisi iliyopokea. Usio na risiti ubebwe na kampuni kama gharama yake, au usiwepo.

---

mzee_wa_entri

Bi Hesabu kasema sawa, lakini huko fildini mambo huanza kabla ya masurufu. Anayeombwa hongo mara nyingi ni yule ambaye karatasi zake zina doa.

Angalieni faili zilizokwama. Sababu ni zilezile: msimbo wa HS (namba ya aina ya bidhaa inayopanga ushuru) umechaguliwa kwa ajili ya ushuru mdogo, si kwa ajili ya bidhaa, thamani kwenye ankara haifanani na malipo ya benki, cheti cha ukaguzi cha KEBS (shirika la viwango la Kenya) kilichopaswa kutoka nchi mzigo unakotoka hakipo, uzito kwenye hati ya meli na orodha ya vifurushi haukubaliani, namba ya chasisi ina tarakimu moja iliyogeuzwa. Mwenye entri (tamko la forodha) chafu hana mdomo. Afisa akimwambia "tuongee", ataongea, kwa sababu njia rasmi ina faini.

Dawa ni kuwasilisha entri kabla meli haijafunga gati, na mtu wa pili aipitie. Asiwe aliyeiandika. Mitambo ina kazi yake: mashine iliyokuja vipande vipande katika kontena tatu inahitaji uamuzi wa msimbo kabla ya kufika, maana kila kontena likitangazwa kama vipuri ushuru unabadilika na mabishano yanaanza. Ombeni uamuzi wa awali wa forodha kwa maandishi. Karatasi hiyo mkononi inafunga mjadala wa kaunta.

Chanzo cha pili ni ahadi. Idara ya masoko ikimwahidi mteja "siku tatu" na kazi inachukua sita, kijana wa fildi ndiye anayeachiwa zile siku tatu za kununua. Na kama bonasi yake inahesabiwa kwa idadi ya kontena zilizotoka kwa wiki, ninyi wenyewe mmemtuma. Badilisheni kipimo: hesabuni entri zilizopita bila kurekebishwa.

Geti lenyewe sasa. Sera ya kurasa 20 haimsaidii mtu aliyesimama kwenye jua saa kumi na moja jioni, lori nyuma yake na kontena lenye demareji (ada ya kuchelewesha kontena) inayohesabiwa kwa dola. Anahitaji maneno. Haya yanatosha kwenye kadi ya mfukoni:

"Naomba namba ya malipo, ofisi italipa sasa hivi."
Akisema haina namba: "Basi naomba sababu ya kuzuia iandikwe kwenye mfumo au kwenye fomu, nipeleke ofisini."
Akikataa: "Sawa mkuu, naomba nimwone msimamizi wa zamu."
Kisha anasogea pembeni na kupiga simu kwa meneja. Habishani wala hatishi kuripoti, na harekodi kwa siri.

Sauti iwe ya heshima tangu mwanzo hadi mwisho. Anayempa afisa nafasi ya kurudi nyuma bila kuaibika hupita mara nyingi kuliko anayetaja sheria.

Ofisini siku hiyohiyo ijazwe fomu ya nusu ukurasa: saa, mahali, kilichoombwa, kilichosemwa, faili, matokeo. Na kampuni itamke kwa maandishi kwamba gharama ya kuchelewa ni yake, haikatwi kwenye mshahara wa mtu. Bila sentensi hiyo, mengine yote ni mapambo.

---

dar_transit

Naongeza dogo kutoka upande wa pili wa mpaka, maana wengi wa Mombasa wana faili za Dar pia. Tanzania Bara ni Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, Na. 11 ya 2007, chini ya TAKUKURU, na inagusa sekta binafsi vilevile. Kuna pia Sheria ya 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Msichukue sera ya Kenya mkabadilisha nembo. Weka ukurasa mmoja wa nyongeza kwa kila nchi: sheria gani, taarifa inapelekwa wapi, kwa muda gani.

Na mafunzo yawe kwa Kiswahili, tafadhali. Sera nyingi zimeandikwa Kiingereza cha mawakili wa London, dereva anasaini asichokisoma, kisha kampuni inatoa saini hiyo kama ushahidi. Mkaguzi mwerevu humwita dereva na kumuuliza swali moja: "Ukiombwa elfu mbili kwenye mizani, unafanya nini?" Jibu likiwa kimya, saini 34 hazina thamani. Kurasa mbili, dakika 45, makundi ya watu wasiozidi 12, mifano itoke kwenye hati zenu zilizofutwa majina, mwisho maswali matano. Hifadhini majibu, hata yaliyokosewa, pamoja na tarehe ya kurudia kwa walioshindwa.

---

kilindini34

Shukrani sana. Mawili yanabaki. Kwanza, zile saa 24: kila anayeombwa "ya soda" turipoti? Tutageuka ofisi ya kuandika barua, na kuna hofu kwamba faili zetu zitaanza kulala. Pili, tumeanza kuchuja kama alivyosema Bi Hesabu na fungu la tatu si dogo. Tuzirekebishe hati hizo kabla mteja hajaja?

---

wakili_tudor

La pili kwanza, maana ndilo linaloweza kuwafunga.

Msiguse hati hata moja. Msiongeze risiti wala kubadilisha maelezo, msichane. Kuharibu au kubadilisha nyaraka ili kukwepa uchunguzi ni kosa peke yake chini ya kifungu cha 66 cha Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Makosa ya Kiuchumi ya 2003. Mtu mwenye tatizo la 3,000 anajitengenezea tatizo la kifungo. Nakala ya hesabu zote itolewe leo na ihifadhiwe nje ya mikono ya walioziandika. Kazi ya kuchuja iendelee chini ya maelekezo ya wakili wa nje, ili ripoti iwe na kinga ya mawasiliano ya wakili na mteja wake. Msimtumie mteja jedwali hilo kabla ya ushauri. Wakati huohuo malipo ya namna hiyo yakome tangu tarehe moja iliyoandikwa, kwa waraka uliosainiwa na mkurugenzi. Mkaguzi akija, jambo la kwanza atakalotafuta ni kama mstari umekatika siku ile au umebadilishiwa jina tu.

Kuhusu saa 24: sheria inasema kujua au kushuku, haikuweka kiwango cha shilingi. Wajibu uko kwa mwenye mamlaka, kwa hiyo fomu ya fildi lazima imfikie meneja siku hiyohiyo. Asiyesoma fomu kwa wiki nzima hajajiokoa. Teueni mtu mmoja na naibu wake, wawe na kiolezo kimoja cha taarifa. Ukishakuwa nacho ni kazi ya dakika 15. EACC ina mfumo wa mtandaoni unaomruhusu mtoa taarifa asijitaje jina.

Hofu ya faili kulala ni ya kweli, sitaidharau. Kifungu cha 21 cha Sheria ya Hongo kinamlinda mtoa taarifa na shahidi: anayemfukuza, kumshusha cheo, kumhamisha au kumtisha anakabiliwa na faini isiyozidi milioni 1, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote. Hilo linawahusu pia ninyi kwa kijana wenu akileta habari za meneja. Lakini dhidi ya faili kuwekwa chini ya rundo, kinga ya sheria ni hafifu.

---

mzee_wa_entri

Kwa hilo la rundo, tumieni chama. KIFWA, chama cha mawakala wa uchukuzi na maghala Kenya, inaweza kupeleka mchoro mzima kwa taasisi husika: geti fulani, zamu fulani, aina fulani ya mzigo, mara ngapi kwa mwezi, bila kumtaja wakala. Haiondoi wajibu wa saa 24, ila inabadilisha malalamiko ya mtu mmoja kuwa takwimu za wengi. Na ombeni hadhi ya mfanyabiashara aliyeidhinishwa, AEO, ya KRA. Masharti yake ni kumbukumbu safi na hesabu zinazokaguliwa, yaani yaleyale mnayoyajenga sasa, na faida yake ni kupunguziwa ukaguzi. Mizigo ikishikwa mara chache, nafasi za kuombwa nazo zinapungua.

---

mkaguzi_wa_nje

Nichukue maswali mawili yaliyorukwa, ISO na Marekani.

ISO 37001 si lazima kwa sheria yoyote iliyotajwa hapa. Toleo la 2016 limefuatwa na toleo jipya la 2025. Atakayewauzia mafunzo ya toleo la zamani mwambieni asante. Kwa watu 34, fedha ya cheti itumike kwanza kwenye programu ya hesabu na mafunzo. Dodoso likiuliza mfumo mnaoufuata, tajeni kanuni sita za mwongozo wa Wizara ya Sheria ya Uingereza: taratibu zinazolingana na hatari, uongozi kujitoa, tathmini ya hatari, uchunguzi wa washirika, mawasiliano na mafunzo, ufuatiliaji. Pangeni majibu yenu chini ya vichwa hivyo. Ndivyo mwanasheria wa mteja anavyofikiri.

Marekani: sheria yao, FCPA ya 1977, haijafutwa. Amri ya Rais Trump ya 10 Februari 2025 ilisimamisha uanzishaji wa kesi mpya kwa siku 180 ili miongozo ipitiwe, na miongozo mipya ikatoka 9 Juni 2025. Muda wa kufungua kesi kwa kosa la hongo chini ya sheria hiyo ni miaka mitano. Malipo ya leo yatasomwa na serikali ijayo. Zaidi ya hayo mteja wenu si Mmarekani. Machi 2025 waendesha mashtaka wa Uingereza, Ufaransa na Uswisi walitangaza kikosi cha pamoja dhidi ya rushwa ya kimataifa, na kuanzia 1 Septemba 2025 Uingereza imeongeza kosa jingine, kushindwa kuzuia ulaghai, kwa makampuni makubwa: yenye angalau mawili kati ya wafanyakazi zaidi ya 250, mauzo zaidi ya pauni milioni 36, mali zaidi ya pauni milioni 18. Nalo linamtazama wakala. Tarajieni dodoso lijalo liwe na sehemu ya uthaminishaji wa mizigo.

Na asiwepo wa kudhani Kenya iko mbali na macho yao. Smith & Ouzman, wachapaji wa Uingereza, walitiwa hatiani Desemba 2014 kwa malipo kwa maafisa wa Kenya na Mauritania. Ndilo lile sakata la "kuku", kwa sababu hongo iliitwa hivyo kwenye barua pepe. Januari 2016 kampuni iliamriwa kulipa takribani pauni milioni 2.2. Fedha zilipita kwa wakala, ndani ya kamisheni iliyonenepeshwa.

Hiyo inanileta kwa mawakala wadogo, ambao humu wametajwa juujuu. Kwa kila mmoja faili liwe na: CR12 (hati ya msajili wa kampuni inayotaja wakurugenzi na wenye hisa) ya karibuni, cheti cha kodi, leseni, majina ya wamiliki wanufaika kuanzia asilimia 10, akaunti ya benki yenye jina la kampuni yenyewe. Swali moja liulizwe na lijibiwe kwa maandishi: kuna mwenye hisa au ndugu wa karibu anayefanya kazi kwenye ofisi mnayoshughulika nayo? Undugu si kosa, kosa ni kuuficha. Mkatabani: bei kwa kazi, si asilimia ya ushuru uliookolewa. Anayelipwa kwa asilimia ya ushuru uliopungua ana sababu moja tu ya kuwa hodari. Katazeni pia kumpa kazi mtu wa tatu bila idhini yenu, maana hapo mnyororo hupotea.

---

bi_hesabu

Rejista ya zawadi haijaguswa. Zawadi kwa afisa mwenye faili yenu mezani ni marufuku, hata tende za Ramadhani, hata kalenda. Kwa wengine wekeni kikomo kidogo na idhini ya mkurugenzi, na muandike mlizotoa na mlizopokea, zilizokataliwa zikiwemo. Sheria ya Mgongano wa Maslahi, iliyosainiwa Julai 2025, imekaza upande wa watumishi wa umma, kwa hiyo kikapu cha Idi mlichozoea kupeleka ofisini kinamweka mpokeaji pia pabaya. Rejista tupu kabisa kwa mwaka mzima haishawishi mtu. Mkaguzi atauliza Desemba mlikuwa wapi.

Njia ya siri: isiwe sanduku ambalo ufunguo anao meneja wa fildi. Majina mawili, mmoja wa nje ya ngazi ya uendeshaji, na namba isiyo ya ofisi.

---

kilindini34

Imeeleweka. Tunaanza na nakala ya hesabu na waraka wa kusimamisha, wakili wa nje wiki hii, masurufu wiki ijayo, kadi za mfukoni na mafunzo kabla ya siku ya 30, dodoso baada ya hapo. Swali dogo la mwisho: gharama ya kuchelewa tuliyoambiwa kampuni iibebe, tuiweke wapi? Bei yetu kwa mteja haina nafasi hiyo.

---

mzee_wa_entri

Itenganisheni na bei. Chukueni faili 50 za mwisho za mteja huyo, hesabuni siku halisi kutoka meli kufunga gati hadi lori kutoka geti, mtafute siku ambayo faili 40 kati ya hizo zilikuwa zimeshatoka. Hiyo ndiyo ahadi mpya ya muda kwenye mkataba, badala ya zile "siku tatu". Kisha kifungu kimoja: demareji na hifadhi inayotokana na kukataa malipo yasiyo rasmi inalipwa na mteja kwa risiti, mradi wakala aliwasilisha entri kabla ya meli kufika na alimjulisha mteja ndani ya siku moja. Aliyetaka taratibu za kuzuia hongo atakubali kifungu hicho. Akikikataa, muulizeni kwa barua pepe alikuwa anatarajia mzigo utoke vipi, na hilo jibu lake mlitunze.